Mruko wa Umeme Ndani ya Swichi za Ombwe za Volteji ya Juu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya mafundi na wahandisi wanaofunga, kupima na kutunza swichi za ombwe (zenye kontakti ndani ya chombo kilichoondolewa hewa), hasa zile za kV 3.6 hadi kV 36. Tunaposema "chupa" tunamaanisha kile chombo kilichozibwa kabisa chenye kontakti mbili ndani yake. "Mruko" ni umeme kupita mahali ulipotakiwa kuzuiwa, iwe ni cheche ya mara moja au tao linaloendelea kuwaka.

Kama ndani ya chupa hamna hewa, umeme unapitia nini?

Unapitia metali ya kontakti zenyewe, iliyogeuka mvuke. Hili likieleweka, karibu majibu yote yanayofuata yanajieleza.

Katika hewa ya kawaida, elektroni moja ikisukumwa na volteji hugonga molekuli, ikang'oa elektroni nyingine, nazo zikagonga nyingine, mpaka maporomoko ya chaji yanaunganisha pande mbili. Ndiyo maana hewa huachia kwenye takriban kV 3 kwa kila milimita. Ndani ya chupa nzima shinikizo ni paskali 0.0001 au chini ya hapo. Kwa shinikizo hilo molekuli husafiri wastani wa makumi ya mita kabla ya kugongana na nyingine, ilhali mwanya kati ya kontakti ni milimita 6 hadi 20 tu. Elektroni huvuka mwanya wote bila kugonga chochote, na maporomoko hayaanzi.

Basi chaji za kuanzisha mruko lazima zitoke kwenye uso wa kontakti, na kuna njia tatu. Ya kwanza ni vijincha vidogo visivyoonekana kwa macho. Uso unaong'aa kwa mtazamaji una vilele vya ukubwa wa mikromita, na kwenye ncha ya kilele uga wa umeme huongezeka mara kumi hadi mara mia na zaidi. Uga ukifika kiwango cha mabilioni ya volti kwa mita, elektroni huchomoka kwenye metali baridi, jambo ambalo wanafizikia Fowler na Nordheim walilielezea kwa hesabu mwaka 1928. Mkondo huo mdogo huichoma ncha, ncha huyeyuka, mvuke wake hupata chaji, na njia inafunguka. Ya pili ni elektroni hizohizo kulichoma doa upande wa pili, kwenye anodi (kontakti ya upande chanya), hadi gesi na mvuke vitoke huko. Ya tatu ni chembe zilizolegea. Chembe ya metali yenye chaji hung'oka, huvuka mwanya kwa kasi na kugonga upande mwingine kwa nguvu ya kutosha kutoa mvuke.

Kwa hiyo unapotunza swichi ya ombwe unatunza mambo mawili: ombwe lenyewe na uso wa kontakti. Watu wengi hukumbuka la kwanza tu.

Ndani ya chupa mna nini hasa?

Mwili ni bomba la seramiki ya alumina (chupa za zamani zilikuwa za kioo) lenye vifuniko vya metali vilivyolehemiwa pande zote mbili. Kontakti moja haisogei. Nyingine imeshikwa na shina linalopita kwenye mvukuto wa chuma kisichoshika kutu, na mvukuto huo ndio unaoruhusu mwendo bila kuingiza hewa. Katikati kuna ngao ya metali inayozunguka kontakti na kudaka mvuke wa metali usitue kwenye seramiki. Bila ngao, kila ukataji ungeipaka seramiki utando wa shaba, na baada ya muda umeme ungepita juu ya utando huo.

Uso wa kontakti kwa kawaida ni mchanganyiko wa shaba na kromi, kromi ikiwa robo hadi nusu ya uzito. Shaba hupitisha mkondo. Kromi huzuia kontakti zisigandane sana, huusaidia uso uhimili volteji, na ikitua kwenye ngao hunyonya gesi iliyobaki. Kontakta za mota, zinazofunguka na kufunga maelfu ya mara, mara nyingi hutumia fedha na kabidi ya tangsteni.

Shinikizo likipanda, chupa huharibika kwa kiwango gani?

Kuna hatua. Mpaka karibu paskali 0.01 chupa hufanya kazi kama kawaida. Kuanzia paskali 0.1 kwenda juu, uwezo wa kukata mkondo unaanza kutia shaka, kisha uwezo wa kuhimili volteji unaporomoka.

Ajabu ni kwamba hali mbaya kuliko zote si chupa iliyojaa hewa kabisa. Mwanafizikia Paschen alionyesha mwaka 1889 kwamba volteji ya mruko hutegemea shinikizo likizidishwa kwa urefu wa mwanya, na kwamba kuna bonde ambapo volteji hiyo ni ndogo kabisa. Kwa hewa, bonde hilo ni kama volti 330. Kwa mwanya wa milimita 10 linaangukia karibu paskali 75. Chupa iliyovuja kidogo hadi hapo haiwezi kuhimili hata volti mia nne. Ikiendelea kuvuja hadi kujaa hewa, inapata tena uwezo fulani: milimita 8 za hewa huhimili takriban kV 25 za kilele, yaani kama kV 17.5 kwa thamani ya mzizi wa wastani wa mraba (RMS), ile inayosomeka kwenye vifaa vya AC. Shika namba hizi, tutazirudia kwenye upimaji.

Tao la kukata mkondo lina tofauti gani na mruko wa hitilafu?

Tao ni kazi halali ya swichi. Kontakti zinapoachana, sehemu ya mwisho inayogusana huyeyuka na kulipuka kuwa mvuke, na mkondo unaendelea kupita ndani ya mvuke huo. Kwenye kathodi (kontakti ya upande hasi) hutokea madoa madogo yanayokimbia huku na huko. Kwa shaba kila doa hubeba makumi ya ampea hadi kama ampea 100, hivyo mkondo ukiongezeka madoa huongezeka idadi. Volteji ya tao ni ndogo, karibu volti 20, na ndiyo sababu joto linalozalishwa ni dogo kuliko la tao la hewani au la kwenye mafuta.

Wimbi la mkondo likikaribia sifuri, madoa yanazimika moja baada ya jingine. La mwisho likizimika hakuna tena chanzo cha mvuke. Mvuke uliobaki hutawanyika na kuganda kwenye ngao na kontakti ndani ya mikrosekunde chache, na mwanya unarudi kuwa kihami.

Shida huanza mkondo ukizidi takriban kA 10. Tao hujikusanya kuwa nguzo moja nene, anodi nayo huanza kuyeyuka, na mkondo ukifika sifuri kunabaki dimbwi la metali moto linaloendelea kutoa mvuke. Hapo ndipo kukata kunaposhindikana. Watengenezaji hupambana na hali hiyo kwa umbo la kontakti. Aina moja ina mikato ya mzunguko inayouzalisha uga wa sumaku wa kulikimbiza tao ukingoni, lisikae mahali pamoja. Aina nyingine ina koili nyuma ya kontakti inayotoa uga wa sumaku ulioelekea sawa na tao, ukitawanya mvuke na madoa kwenye uso mzima. Kwa mikondo mikubwa ya hitilafu aina ya pili huchakaza kontakti kidogo zaidi.

Tao likizimika kisha umeme ukaruka tena, ni hitilafu?

Inategemea umeruka lini na umedumu kiasi gani.

Ukiruka ndani ya robo ya wimbi tangu mkondo kufika sifuri (milisekunde 5 kwenye gridi ya hezi 50), hiyo ni kuwaka tena mapema. Mara nyingi hutokea kwa sababu kontakti ziliachana karibu mno na sifuri na mwanya ulikuwa bado mdogo. Swichi hukata kwenye sifuri inayofuata. Ukiruka baada ya robo ya wimbi au zaidi, huko ni kuwaka tena kwa kuchelewa, na kwenye kapasita na laini ndefu zisizo na mzigo ni hatari, kwa sababu volteji inaweza kujilimbikiza.

Aina ya tatu ni ya pekee kwa ombwe: mruko unaojizima wenyewe. Mwanya unaachia kwa muda mfupi mno, chaji ya kapasitansi iliyo jirani inapita kwa masafa ya juu, kisha ombwe linajirekebisha bila mkondo wa gridi kufuata. Unaweza kutokea hata mamia ya milisekunde baada ya kukata. Chanzo chake mara nyingi ni chembe iliyong'oka kutokana na mtikisiko wa kufungua. Kiwango cha IEC 62271-100 (IEC ni tume ya kimataifa ya viwango vya umeme) kinataka miruko hii iandikwe kwenye ripoti ya majaribio ili isichanganywe na kuwaka tena kwa kuchelewa. Kutokea kwake peke yake si dalili ya swichi mbovu.

Kwa nini swichi ya ombwe huzalisha volteji ya ghafla inapozima transfoma isiyo na mzigo au mota?

Kwa sababu inakata vizuri kupita kiasi. Mkondo mdogo haulishi madoa ya kathodi vya kutosha, kwa hiyo doa la mwisho huzimika kabla wimbi halijafika sifuri. Kwa kontakti za shaba na kromi hutokea kwenye ampea 3 hadi 5. Kwa shaba tupu ilikuwa karibu ampea 15, na kwa fedha na kabidi ya tangsteni ni karibu ampea 1 au chini.

Nishati iliyokuwa kwenye koili wakati huo haina pa kwenda ila kwenye kapasitansi ya mzigo na kebo. Kilele cha volteji hupatikana kwa kuzidisha mkondo uliokatika kwa mzizi wa mraba wa indaktansi ya koili ikigawanywa kwa kapasitansi. Chukua mkondo wa ampea 4, henri 0.2 na nanofaradi 2: mzizi wa mraba wa 0.2 ukigawanywa kwa 0.000000002 ni omu 10,000, na volteji ni kV 40. Mzigo uleule ukiunganishwa kwa kebo ndefu yenye jumla ya nanofaradi 20 hutoa kama kV 12.6 tu. Ndiyo maana transfoma kavu iliyo mita chache kutoka kwenye swichi huumia zaidi kuliko ile iliyo mbali. (Hesabu hii haikuondoa upotevu, hivyo kwenye mtambo halisi kilele huwa chini kidogo.)

Na hilo la miruko mingi mfululizo kwenye mota?

Hili ni baya kuliko lililotangulia, na halipewi uzito unaostahili. Ukizima mota ambayo bado inaanza, mkondo wake ni mkubwa na ni karibu wa koili tupu. Kontakti zikiachana karibu na sifuri, mwanya mdogo unaachia, mkondo wa masafa ya juu unapita, na ombwe linaukata mkondo huo pia kwenye sifuri yake, kazi ambayo vikataji vingine hushindwa. Volteji inapanda tena, inaruka tena, inakatwa tena. Miruko inaweza kuwa makumi kadhaa ndani ya milisekunde moja, kila mmoja ukiwa juu kuliko uliotangulia, mpaka mwanya uwe mrefu vya kutosha.

Kinachoua mota hapa si urefu wa volteji peke yake. Kila mruko ni wimbi lenye mbele kali sana, nalo hujibana kwenye mizunguko michache ya kwanza ya koili. Kihami cha kati ya mzunguko na mzunguko, ambacho kazi yake ya kila siku ni volteji ndogo tu, kinatobolewa. Ukifungua mota iliyoungua ukakuta doa moja jeusi karibu kabisa na mwanzo wa koili, fikiria sababu hii kabla ya kulaumu mzigo.

Dawa yake ni kapasita ya mikrofaradi 0.1 hadi 0.25 pamoja na rezista ya karibu omu 50, kwa kila fezi, kutoka fezi hadi ethi, ikifungwa kwenye maungio ya mota. Kapasita hulegeza mbele ya wimbi, rezista hunyonya nishati. Aresta ya oksidi ya zinki hukata kilele lakini hailegezi mbele ya wimbi, hivyo aresta peke yake haitoshi kwa mota. Na vyovyote viwavyo, usivifunge kwenye kabati la swichi ukaacha mita mia za kebo kati yake na mota.

Swichi inayofunga na kufungua benki ya kapasita huharibika vipi?

Uharibifu huanzia kwenye kufunga ingawa huonekana kwenye kufungua. Kontakti zikikaribiana, kabla hazijagusana, mwanya huachia na mkondo wa kuchaji unapita kama tao. Benki moja ikifungwa jirani na nyingine ambayo tayari ina chaji, mkondo huo unaweza kufika maelfu ya ampea kwa masafa ya kilohezi kadhaa. Majaribio ya IEC hutumia kA 20 za kilele kwa hezi 4,250. Tao hilo huyeyusha doa kwenye nyuso zote mbili, kisha nyuso hugongana zikiwa bado majimaji na kugandana kidogo.

Swichi ikifunguliwa, mgando unavunjika. Mkondo wa kapasita ni mdogo, hautoi tao la nguvu la kulainisha uso, hivyo panabaki vijincha vilivyochongoka. Wakati huohuo kapasita imebaki na chaji, na nusu ya wimbi baadaye mwanya unabeba volteji mara mbili ya kilele cha fezi au zaidi. Ncha kali na volteji kubwa vimekutana.

Punguza mkondo wa kufunga kwa reakta za mfululizo, au tumia mtambo unaofunga kila fezi wakati volteji yake ni sifuri. Agiza swichi ya daraja C2 ya kapasita (daraja la uwezekano mdogo sana wa kuwaka tena kwa kuchelewa), ambayo chupa zake mara nyingi hupewa matayarisho ya ziada ya uso kiwandani. Swichi ya laini ya kawaida iliyohamishiwa kwenye benki kwa sababu "ampea zake zinatosha" ni kosa tunaloliona kila mara, na halionekani siku ya kwanza.

Nitajuaje kama chupa bado ina ombwe?

Kipimo cha kufanyia kazini ni kuhimili volteji ya AC kati ya kontakti zilizo wazi. Fuata mwongozo wa mtengenezaji kwanza. Mwongozo ukiwa kimya, utaratibu ni huu:

1. Toa swichi kwenye kabati, ithibitishe haina umeme, unganisha ethi, achilia springi za mtambo. Ondoa aresta, transfoma za volteji na kifaa chochote cha kielektroniki kilichoungwa kwenye nguzo.
2. Pima mwanya na ulinganishe na mwongozo. Mwanya mdogo huleta mruko hata kwenye chupa nzima, na huongeza eksirei.
3. Futa seramiki kwa kitambaa kikavu kisichoacha nyuzi, kisha kwa alkoholi ya isopropili. Ngoja ikauke.
4. Swichi ikiwa wazi, unganisha upande mmoja wa fezi unayopima kwenye kifaa, upande wa pili kwenye ethi. Fezi nyingine zote kwenye ethi.
5. Panda taratibu, kV 1 hadi 2 kwa sekunde, hadi asilimia 80 ya volteji ya kuhimili: kV 22.4 kwa swichi ya kV 12 (kiwango chake ni kV 28), kV 40 kwa ya kV 24, kV 56 kwa ya kV 36. Shikilia dakika moja.
6. Shusha hadi sifuri, zima, unganisha ethi. Kisha gusa kwa fimbo ya ethi kontakti zote mbili *na* pete ya ngao katikati ya chupa kama ipo nje.

Usiruke sehemu ya pili ya hatua ya 6. Ngao haijaungwa na kitu, hivyo hubaki na chaji baada ya kipimo, na mkono unaoshika chupa huipokea.

Kikomo cha mkondo cha kifaa kiwekwe kwa kukumbuka kwamba AC hupitisha mkondo wa kapasitansi hata kwenye chupa nzima. Kikiwekwa chini mno, kifaa kitajizima na utatupa chupa isiyo na kosa.

Mega (kipima ukinzani wa kihami) ya kV 5 haitoshi?

Haitoshi. Chupa iliyojaa hewa itaonyesha gigaomu nyingi kwenye mega, na kama tulivyoona itahimili hata AC ya kV 10 bila tabu, kwa kuwa mwanya wa milimita 8 huachia karibu kV 17.5. Volteji ya kipimo ni lazima ivuke ile ambayo hewa ya kawaida ingeihimili. Mega ina kazi yake: hukuambia habari za unyevu na uchafu *nje* ya chupa.

Wakati wa kupima cheche imeruka na kifaa kimezima. Chupa imekufa?

Bado. Cheche za mara moja wakati volteji inapanda ni za kawaida, hasa kwa chupa iliyokaa muda mrefu bila kazi au iliyotoka kukata hitilafu kubwa. Cheche huyeyusha kijincha kilichoianzisha na kuuacha uso laini zaidi. Kiwandani hufanya hivyo kwa makusudi kabla chupa haijauzwa.

Shusha hadi sifuri, panda tena taratibu, na andika volteji ya kila mruko. Mfululizo wa namba ndio utakaokuambia ukweli. Mfano, kV 15, kisha 18, kisha 21, kisha imeshika dakika nzima: huo ni uso unaojisafisha, chupa imefaulu. Lakini kV 9, 9, 8.5, 9: hiyo ni gesi. Gesi haisafishwi na cheche, huachia palepale kila mara. Chupa hiyo itolewe. Namba zikirukaruka bila mpangilio, futa seramiki upya na utazame gizani kama mruko uko nje, kisha linganisha na fezi nyingine mbili.

Naweza kupima kwa DC?

Unaweza, ila ujue udhaifu wake. DC huvuta elektroni kutoka kontakti moja tu, hivyo kijincha kimoja kibaya kinaweza kupitisha mkondo na kuikataa chupa yenye ombwe zuri. Ikikataliwa, geuza ncha na upime tena. Ikifaulu upande huo, chupa haijavuja, kwa sababu gesi haichagui upande. Tumia volteji sawa na kilele cha AC, yaani mara 1.41. Epuka vifaa vya zamani vya nusu wimbi visivyo na kapasita ya kulainisha: kilele chake huwa juu sana kuliko namba inayosomeka.

Eksirei ni hatari ya kweli?

Ni ya kweli na inadhibitika. Elektroni zinazovuka mwanya hugonga anodi na kutoa eksirei. IEC 62271-1 inaweka kikomo, kwa umbali wa mita 1, cha mikrosiveti 5 kwa saa kwenye volteji ya kawaida ya swichi na 150 kwa saa kwenye volteji ya kuhimili. Simama mita 3 au zaidi na kiwango hushuka hadi karibu sehemu moja ya tisa. Usizidishe volteji iliyotajwa kwenye mwongozo, usipime kwa mwanya uliopungua, usikae jirani dakika nyingi ukisubiri. Swichi iliyofungwa haitoi eksirei kwa kuwa hakuna volteji kati ya kontakti.

Nasikia mlio kama wa kukaanga kutoka kwenye kabati, na kuna harufu kali. Ni ndani ya chupa?

Karibu hakika ni nje. Harufu ni ya ozoni, nayo inahitaji hewa. Unyevu na vumbi kwenye seramiki au epoksi hugawanya volteji vibaya, mruko mdogo hutambaa juu ya uso, na asidi inayotokana na hewa huacha unga mweupe na kutu ya kijani kwenye shaba. Kifaa cha kusikilizia sauti za juu za karibu kilohezi 40 huonyesha mahali. Safisha, kausha, kisha tafuta maji yanatoka wapi: hita ya kabati iliyokufa na mfereji wa kebo usiozibwa ndivyo vya kuangalia kwanza. Palipochoreka njia nyeusi ya kaboni hapasafishiki. Badilisha kihami hicho.

Tunashuku chupa ya fezi moja imevuja, na swichi imefungwa ikibeba mzigo. Tuifungue?

Msiifungue. Ikiwa imefungwa, chupa iliyovuja hupitisha mkondo bila shida yoyote na haitoi ishara. Ikifunguliwa, tao litawaka ndani bila kuzimika mpaka chupa ipasuke. Kwenye gridi ambayo nukta ya nyota (pale fezi tatu zinapokutana) haijaungwa na ethi, chupa mbili nzima zinaweza kuukata mkondo wa fezi zote tatu na kuficha kosa. Msilitegemee hilo, kwa sababu hitilafu ya ethi ikitokea, kinga hiyo imekwisha. Zimeni njia hiyo kwa kikataji kilicho upande wa chanzo cha umeme, thibitisheni hakuna umeme, ndipo swichi itolewe.

Uchakavu wa kontakti unapimwaje?

Kwa alama iliyo kwenye shina, swichi ikiwa imefungwa. Chupa nyingi huruhusu milimita 2 hadi 3 za kulika, jumla ya pande zote mbili. Kontakti zikilika, springi ya mkandamizo hupoteza mbano, zinaanza kudunda wakati wa kufunga, na kila mdundo ni tao jipya. Pima pia ukinzani kwa mkondo wa DC wa ampea 100 au zaidi. Nguzo nzima kwa kawaida ni makumi ya mikro-omu, na fezi moja ikizidi wenzake kwa nusu, chunguza maungio ya nje kabla ya kuhukumu chupa.

Kwa nini hatuoni chupa moja ya ombwe kwenye laini za kV 400?

Kwa sababu ya uso, tena. Kwenye mianya mifupi, uwezo wa ombwe huongezeka sambamba na mwanya. Baada ya milimita chache hupungua kasi, na hukua karibu na mzizi wa mraba wa mwanya, kama mtafiti Cranberg alivyoeleza mwaka 1952 kwa nadharia ya chembe zilizong'oka. Ukitaka volteji mara mbili unahitaji mwanya karibu mara nne, na mvukuto wa kuuvumilia mwendo huo. Chupa moja za kV 145 zipo sokoni. Juu ya hapo njia ya kawaida ni kuunga chupa mfululizo, na kapasita za kugawa volteji sawasawa kati yake.

Chupa ya akiba iliyokaa stoo miaka mingi, ifungwe moja kwa moja?

Ipimwe kwanza. Kuna jaribio la haraka la mkono: hewa ya nje husukuma mvukuto na kuzifunga kontakti. Kwa mvukuto wa kipenyo cha sentimita 4, nguvu hiyo ni kama nyutoni 125. Vuta shina taratibu milimita chache na uliachie. Likirudi lenyewe kwa nguvu, chupa haijajaa hewa. Likibaki ulipoliacha, imekwisha. Kurudi kwake hakuthibitishi ombwe zuri, maana hata paskali mia ndani zingelirudisha vilevile. Hivyo kipimo cha volteji kiko palepale, kifanywe baada ya chupa kufungwa kwenye mtambo na mwanya kurekebishwa.

Wakati wa kufunga, shika shina kwa spana ya pili unapokaza nati. Mvukuto umetengenezwa kwa kunyooka na kujikunja, haukutengenezwa kusokotwa. Nyuzi chache tu za mzunguko zinaweza kuuanzishia ufa ambao utavuja miezi kadhaa baadaye, swichi ikiwa tayari kazini.